Matokeo ya NECTA, ripoti ya wathibiti ubora au ubao wa shule: mzazi aangalie kipi?

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatangaza matokeo ya darasa la saba, simu za wazazi haziachi kulia. Picha ya ukurasa wa matokeo inarushwa kwenye kundi la mtaa, mmoja anaandika "hii shule iko moto", mwingine anajibu "ya kwetu ndiyo imeanguka kabisa". Ikifika Januari kuna watoto watakaohamishwa kwa sababu ya picha ile tu.

Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi miaka mitatu. Mtoto wangu wa kwanza nilimwandikisha kwa kufuata picha ya namna hiyo, wa pili nikampeleka kwa njia nyingine. Nilichojifunza ni kwamba taarifa kuhusu shule zetu ni nyingi kuliko wazazi tunavyodhani, ila kila moja inawazungumzia watoto tofauti. Inayokuambia habari za waliomaliza haiwajui wanaoanza. Kwa hiyo kabla hujauliza shule ipi ni nzuri, jiulize kwanza unataka kujua habari za watoto gani.

Vigezo nilivyotumia

Nimezilinganisha taarifa za aina tatu ambazo mzazi wa Tanzania anaweza kuzifikia: matokeo ya NECTA, ripoti ya wathibiti ubora wa shule, na taarifa za shule yenyewe, yaani ubao wa matangazo, mkutano wa wazazi na kile utakachokiona ukienda. Kila moja nimeiuliza maswali yale yale. Inawahusu watoto gani? Ina umri gani? Imeandikwa na nani, na ana maslahi gani? Mzazi anaipataje? Na inamfaa nani?

Maneno ya mtaani nimeyaacha nje. Yana nafasi yake, lakini huwezi kumuuliza mtu kayatoa wapi.

1. Matokeo ya NECTA

*Inawahusu watoto gani.* Waliomaliza. Mtoto aliyefanya mtihani wa Septemba 2024 alianza darasa la kwanza Januari 2018. Mwalimu aliyemfundisha kusoma huenda ameshahama au amestaafu, na mwalimu mkuu wa wakati ule huenda siye wa leo. Wewe unamwandikisha mtoto wa darasa la kwanza, na ukurasa ule haumtaji popote. Isitoshe, kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kwa hiyo mtoto anayeanza sasa hatafika kwenye mtihani huu wa darasa la saba tunaousoma.

*Umri wake.* Mpya kila mwaka. Mtihani unafanyika Septemba na matokeo yanatoka wiki chache baadaye. Ya 2024 yalitoka mwishoni mwa Oktoba. Hapa hakuna chanzo kingine kinachofua dafu. Unaweza kurudi nyuma miaka mitano ukaona shule inapanda au inashuka, na ninakushauri ufanye hivyo, kwa sababu mwaka mmoja peke yake hudanganya.

*Nani kaiandika.* Baraza, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ambacho hakina shule ya kuitangaza. Mtihani ni mmoja Tanzania Bara nzima na usahihishaji ni mmoja. Ni nguvu kubwa hiyo.

*Inavyopatikana.* Bure, kwenye tovuti ya Baraza. Unachagua mwaka, mkoa, halmashauri, kisha shule. Shida ipo kwenye kuisoma, na hapa nitakaa kidogo.

Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni daraja A, kuanzia 181 ni B, kuanzia 121 ni C, na A mpaka C ndiyo kufaulu. Sasa tazama: mwaka 2024 ufaulu wa Tanzania Bara nzima ulikuwa asilimia 80.87. Shule ikitundika bango getini kwamba ufaulu wake ni asilimia 85, imepita wastani wa taifa kwa hatua chache tu. Achana na neno "ufaulu", angalia jedwali la madaraja. Shule mbili zinaweza kuwa zimefaulisha watoto wote, moja wakiwa wamejazana B, nyingine wamejazana C, na tofauti yake utaiona mtoto akifika kidato cha kwanza.

Angalia pia idadi ya watahiniwa. Shule yenye watoto 18 inaweza kupaa mwaka huu na kuporomoka mwakani kwa sababu ya watoto watatu tu. Zamani ukurasa wa matokeo uliziweka shule kwenye makundi mawili, zenye watahiniwa 40 au zaidi na zenye pungufu ya hapo, na ilikuwa busara. Na usilinganishe shule ya mchepuo wa Kiingereza inayochuja watoto kwa usaili na shule ya serikali inayompokea kila mtoto wa mtaa. Kuanzia matokeo ya 2022 Baraza liliacha kutangaza shule bora kitaifa, kwa hoja kwamba shule hazishindani katika mazingira yanayofanana. Orodha za "kumi bora" unazoziona mitandaoni siku hizi hupangwa na watu wenyewe.

Halafu kuna hesabu moja ambayo wazazi wachache huifanya, nami naiona ina thamani kuliko wastani. Baraza hutoa pia matokeo ya upimaji wa darasa la nne. Chukua matokeo ya darasa la saba ya 2024, kisha fungua ya darasa la nne ya 2021 kwa shule ile ile. Ni watoto wale wale, miaka mitatu nyuma. Tuseme darasa la nne walikuwa 140 na la saba wamefika 96. Wale 44 wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, wapo waliokariri darasa, wapo watoro walioishia shambani, sokoni au ziwani. Shule inayopunguza watoto njiani huwa na wastani mzuri mwishoni. Muulize mwalimu mkuu, kwa heshima, na usikilize anavyojibu. Mwenye majibu atakutajia wawili watatu kwa majina.

*Kisichoonekana.* Gharama ya matokeo hayo. Shule ya mtoto wangu wa kwanza ilikuwa na wastani wa kujivunia. Darasa la saba walikaa kambi, wakafundishwa na walimu mahiri kuliko wote, asubuhi mpaka jioni. Nilipompeleka mtoto nikakuta darasa la kwanza lina watoto 137 na mwalimu mmoja. Ilipofika Juni mwanangu alikuwa anazijua herufi zilizo kwenye jina lake, basi. Hakuna aliyenidanganya. Nilisoma habari za darasa la saba, nikaandikisha mtoto wa darasa la kwanza.

*Inamfaa nani.* Mzazi anayemhamisha mtoto wa darasa la tano au la sita, diwani au mwenyekiti wa mtaa anayetaka kuona mwelekeo wa kata yake, na mwalimu mkuu mwenyewe. Kwa mzazi wa mtoto mdogo, msaada wake ni kidogo kuliko sifa yake.

2. Ripoti ya wathibiti ubora wa shule

Wengi bado tunawaita wakaguzi. Jina lilibadilika, na kazi nayo ikapanuka: zamani mkaguzi alihesabiwa mtu wa kuja kutafuta makosa, siku hizi anatakiwa kuisaidia shule ijirekebishe.

*Inawahusu watoto gani.* Wote, kuanzia awali mpaka darasa la mwisho. Wathibiti huitazama shule nzima katika maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ubora wa ufundishaji, utekelezaji wa mtaala, uongozi na usimamizi, mazingira ya shule pamoja na afya na usalama wa watoto, na ushirikishwaji wa jamii. Soma tena hilo la mwisho. Ripoti hii inauliza kama wazazi wanaitwa kwenye mikutano, wanasikilizwa, na wanajua fedha imekwenda wapi. Matokeo ya mtihani hayaulizi hayo.

*Umri wake.* Hapa ndipo inapoanguka. Wilaya ina shule nyingi, wathibiti ni wachache, magari ni machache zaidi. Ukiletewa ripoti, jambo la kwanza tazama tarehe. Ya miaka minne iliyopita ni historia ya shule, isome hivyo.

*Nani kaiandika.* Maofisa walio chini ya Wizara ya Elimu, wakati shule za serikali zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Jambo hili lina uzito: anayeandika siye anayewapanga walimu wala kugawa fedha, kwa hiyo hana sababu ya kuficha upungufu wa vyoo au wa walimu. Ni wataalamu, wameingia darasani, wamekaa dawati la nyuma, wamepekua maandalio ya somo na madaftari ya watoto.

*Inavyopatikana.* Kwa kuuliza. Ripoti kamili huenda kwa uongozi wa shule na halmashauri, na kamati ya shule inapaswa kuijua kwa sababu mapendekezo mengi yanawahusu wazazi. Upo pia muhtasari mfupi uliokusudiwa kubandikwa ili wazazi wausome. Kwa uzoefu wangu unaweza usiukute ukutani. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati tulikaa vikao viwili tukijadili uzio, bila kujua kwamba kwenye kabati la ofisi ile ile kulikuwa na ripoti iliyotaja matundu ya vyoo vya wasichana kuwa ndilo jambo la kwanza kurekebishwa. Mama mmoja mwenzetu ndiye aliyeuliza, "Mwalimu, wakaguzi walipokuja walisemaje?" Ikatolewa, ikasomwa kwa sauti, na mpango wa michango ukabadilika siku ile ile.

*Inamfaa nani.* Wajumbe wa kamati kuliko watu wote. Wahitimu wa zamani wanaotaka kuisaidia shule yao: kabla hamjanunua kompyuta, someni kwanza wathibiti walipendekeza nini. Na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu au tatizo la afya, kwa sababu hakuna kwingine anakoweza kusoma habari za mazingira ya shule zilizoandikwa na mtu wa nje. Kwa anayetaka kulinganisha shule tano kabla ya Jumatatu, haimfai.

3. Shule yenyewe: ubao, mkutano na ziara

*Inawahusu watoto gani.* Walio darasani leo, wale atakaokaa nao mtoto wako.

*Umri wake.* Wa leo, au ndivyo inavyopaswa. Ubao wa matangazo unajieleza kwa umri wa karatasi zake. Kuna shule niliyofika nikakuta taarifa ya mapato na matumizi imepauka mpaka wino umekuwa wa njano, ya miaka miwili nyuma, na juu yake tangazo jipya la mchango. Karatasi zile mbili zilitosha kunieleza uhusiano wa shule ile na wazazi wake.

*Nani kaiandika.* Mwalimu mkuu na kamati, kwa hiyo maslahi yapo. Lakini yapo mambo unayoweza kuyahakiki mwenyewe. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima iliondolewa na serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja shuleni. Kiwango kilichopangwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Shule yenye wanafunzi 800 ingetarajia shilingi 400,000 kwa mwezi. Ukiisoma karatasi ya ubaoni ukiwa na hesabu hiyo kichwani, unajua la kuuliza: zimeingia ngapi, na zimefanya nini?

*Inavyopatikana.* Kwa miguu. Mkutano wa wazazi uko wazi kwa mzazi wa shule ile. Asiye na mtoto pale anaweza kwenda siku ya kazi, kwa mwalimu wa zamu, asaini kitabu cha wageni na kuomba kumwona mwalimu mkuu. Epuka asubuhi ya Jumatatu.

Nilipokuwa nikitafuta nafasi ya mtoto wa pili nilifanya hivyo. "Shikamoo mwalimu," nikaketi, nikaeleza shida yangu, na macho yangu yakaenda ukutani, kwa sababu ofisi nyingi za walimu wakuu zina chati zinazotosha kabisa: idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, ikama ya walimu waliopo na wanaohitajika, madawati, matundu ya vyoo. Viwango unavyolinganisha navyo ni vyepesi kukumbuka: wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule zetu nyingi haziko hapo. Tazama ziko mbali kiasi gani, na walimu wameamua nini kuhusu pengo hilo. Pale ofisini darasa la kwanza lilikuwa na watoto 119, mikondo miwili, na mwalimu mkuu akanieleza kwamba mwalimu wake bora wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, amemweka huko na hamwondoi.

Nikaomba kuingia darasa la tatu. Mwalimu akamwita binti mmoja wa dawati la katikati, si yule aliyenyoosha mkono, akampa kitabu. Sentensi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kwenye ya tatu akakwama penye neno "walinyang'anywa". Akarudi mwanzo wa neno, akalipasua silabi kwa silabi, mpaka likamtoka zima, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtoto anayejua kujikwamua mwenyewe kwenye neno gumu amefundishwa kusoma. Nilimwandikisha mwanangu pale, shule ambayo wastani wake wa darasa la saba ulikuwa chini ya ile ya kwanza.

Njia hii ya kumpa mtoto maandishi na kumsikiliza sikuibuni mimi. Ndiyo msingi wa tathmini za Uwezo zilizofanyika Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 2009 na 2010, ambapo watu wa kujitolea waliwafuata watoto nyumbani kwao na kuwapa kazi za kiwango cha darasa la pili. Ripoti zake zinazungumzia wilaya na nchi, hazikupi jina la shule, ndiyo maana sikuziweka kwenye ulinganisho huu. Jaribio lenyewe linakutosha.

*Inamfaa nani.* Mzazi wa mtoto wa awali mpaka la tatu, na yeyote anayeishi karibu na shule. Udhaifu wake ni kwamba unaona siku moja, na huwezi kupanga kwa namba kile ulichokiona. Mwalimu mkuu mchangamfu anaweza kukuteka moyo. Mzazi aliye Dar es Salaam anayetaka kumpeleka mtoto kwa bibi yake Kigoma naye hawezi kufika. Amtume shangazi au mjomba, amtajie maswali mawili ya kuuliza, yasizidi.

Kulingana na hali yako

Mtoto anaanza awali au darasa la kwanza: anza na ziara. Uliza idadi ya watoto darasani na nani anafundisha kusoma, kisha sikiliza mtoto wa darasa la tatu akisoma. Matokeo ya NECTA yatazame mwisho, na uanze na ya darasa la nne.

Unamhamisha mtoto wa darasa la tano: anza na NECTA, miaka mitano, jedwali la madaraja, pamoja na ile hesabu ya darasa la nne dhidi ya la saba. Kisha uliza kama shule ina wastani wake wa ndani wa kuvukia darasa. Mwanao asiende kukaririshwa ili kulinda jina la watu.

Unachagua kati ya shule ya serikali na ya mchepuo wa Kiingereza: usizipambanishe kwa wastani. Linganisha kila moja na zinazofanana nayo ndani ya halmashauri, halafu nenda zote mbili siku ya kawaida ya masomo.

Una shule moja tu kijijini: hapa kuchagua hakupo, na taarifa zinakuwa za kuiboresha ile uliyo nayo. Ripoti ya wathibiti na karatasi ya mapato na matumizi zitakusaidia kuliko nafasi ya shule kihalmashauri. Kwenye mkutano ujao nyoosha mkono, omba muhtasari wa wathibiti usomwe mbele ya wazazi wote, pamoja na tarehe waliyokuja.